Akiba ya Chakula cha Dharura kwa Bajeti Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanawahusu watu wenye kipato kidogo wanaotaka kuwa na chakula cha kuwavusha wakati wa mafuriko, maradhi, kukatika kwa ajira au kupanda kwa bei kwa ghafla. Majibu yake yote yanasimama juu ya hoja moja: akiba ya dharura si chakula cha pekee kinachohitaji fedha za pekee, bali ni chakula kile kile ambacho familia inakila kila siku, kilichonunuliwa mapema kidogo na kulindwa kisiharibike.

Je, mtu ambaye kipato chake chote kinaishia kwenye mlo wa siku anaweza kweli kuweka akiba?

Anaweza, ingawa itamchukua muda mrefu zaidi kuliko mwenzake mwenye nafasi. Kinachowakatisha watu tamaa ni zile orodha ndefu zinazodai kabati lijae kwa siku moja. Kaya inayonunua kilo 2 za mchele kwa wiki, ikiongeza gramu 250 tu kila inaponunua na kuziweka kando, itakuwa na kilo 3 baada ya wiki 12, na hicho ni kiasi kinachozidi kidogo nafaka anayohitaji mtu mzima mmoja kwa wiki nzima.

Yapo mambo mawili ambayo nayasisitiza kwa dhati. La kwanza, usikope fedha ili uweke akiba, kwa kuwa deni lenye riba ni dharura nyingine unayoikaribisha nyumbani. La pili, usipunguze sahani ya mtoto, ya mama mjamzito au ya mgonjwa kwa ajili ya chakula cha kesho. Wiki ambayo fedha hazikutosha, iache ipite bila kuongeza kitu, kisha uendelee wiki inayofuata.

Nianze na akiba ya siku ngapi?

Anza na siku 3. Lengo hilo liko karibu, na dharura nyingi za muda mfupi, kama vile barabara kufungwa au mtu kuugua akashindwa kutoka, hupungua makali ndani ya siku hizo. Likitimia, nenda kwenye siku 7, kisha 14. Zaidi ya hapo inategemea nafasi uliyo nayo na uwezo wako wa kukihifadhi chakula kikabaki salama. Wiki mbili za chakula kizuri zina thamani kubwa kuliko miezi miwili ya nafaka iliyoingia fukusi.

Nitajuaje kiasi kinachohitajika?

Mashirika ya misaada, likiwemo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, hupanga mgao wa dharura kwa wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Kiasi hicho kinapatikana kwa gramu 400 za nafaka kavu au unga, gramu 100 za maharage au kunde nyingine zilizokaushwa, gramu 30 za mafuta ya kupikia na gramu 20 za sukari, pamoja na gramu 5 za chumvi, ambayo haina nishati lakini haikosekani jikoni.

Kwa wiki moja, mtu mmoja atahitaji kilo 2.8 za nafaka, gramu 700 za kunde, gramu 210 za mafuta, gramu 140 za sukari na gramu 35 za chumvi. Familia ya watu wanne inayojiandaa kwa wiki mbili itahitaji takriban kilo 22 na nusu za nafaka, kilo 5 na nusu za kunde, lita 2 za mafuta, kilo 1 na kidogo ya sukari na gramu 280 za chumvi. Watoto wadogo hula pungufu ya hapo, na anayefanya kazi nzito hula zaidi, lakini ni vyema kumhesabu kila mmoja kama mtu mzima, ili kiasi kinachobaki kimsaidie jirani au mgeni aliyekwama kwako.

Unaponunua chumvi, chagua yenye madini joto.

Fedha zikiwa kidogo sana, ninunue nini kwanza?

Baada ya vyombo vya maji, ambavyo mara nyingi hupatikana bila gharama kubwa, nunua nafaka, kisha kunde, kisha mafuta na chumvi. Sukari, majani ya chai, viungo na vyakula vya makopo vitafuata.

Bei ya kilo pekee haitoshi kukuonyesha kipi ni rahisi. Kilo 1 ya mchele au unga hutoa takriban kilokalori 3,600, kilo 1 ya maharage 3,400, kilo 1 ya sukari 3,900, kilo 1 ya karanga 5,700, na kilo 1 ya mafuta hukaribia 9,000. Kwa hiyo, chukua bei ya kilo ya mchele uigawe kwa 3.6, ya maharage kwa 3.4, ya karanga kwa 5.7 na ya mafuta kwa 9. Jibu unalopata ni gharama ya kilokalori 1,000 kwa kila chakula, na hapo ndipo unapoweza kuvilinganisha kwa haki. Watu wengi wakifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hugundua kwamba mafuta, ambayo huonekana ghali dukani, si ghali kiasi hicho ukipima nguvu yanayoipa familia.

Hata hivyo, hesabu hiyo isikufanye uache kunde. Nafaka ina upungufu wa lisini, na kunde zina upungufu wa methionini, ambazo zote ni sehemu za protini ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine, na ndiyo maana wali na maharage ni mlo kamili kuliko unavyodhaniwa. Nyama na samaki wa makopo ni vizuri ukivimudu, ila havipaswi kuwa sababu ya kuahirisha kuanza.

Je, kununua kwa jumla ni nafuu siku zote?

Si siku zote. Gunia ni nafuu kwa kilo iwapo tu utalimaliza kabla halijaharibika. Ukipoteza theluthi moja ya mchele kwa wadudu, kila kilo iliyobaki imekugharimu mara moja na nusu ya bei uliyolipa, na punguzo la jumla likawa limekwisha zamani. Ninachoshauri ni kaya tatu au nne zinazoaminiana zichange, zinunue gunia moja, na ligawanywe siku hiyo hiyo kwa mizani mbele ya wote. Wakati mzuri wa kununua ni baada ya mavuno, bei inaposhuka, lakini nafaka mpya mara nyingi huwa haijakauka sawasawa, na hilo linahitaji uangalifu.

Nitajuaje kama nafaka imekauka vya kutosha kuwekwa akiba?

Iko njia ya chumvi, ambayo haihitaji kifaa chochote cha kununua. Kausha chumvi kidogo juani au kwenye sufuria mpaka iwe ngumu na isiyoshikamana, uiache ipoe. Tia nafaka ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu kabisa mpaka ifike robo, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chumvi hiyo, funga kifuniko na utikise kwa dakika moja hivi. Iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka hiyo irudi juani. Chumvi ikianguka chini bila kushika kioo, nafaka inafaa kuhifadhiwa.

Unapoianika, itandaze kwenye turubai au mkeka safi katika tabaka jembamba, uigeuze mara kwa mara, na uiingize ndani kabla umande haujaanza. Usiifunge ikiwa bado ina joto la jua, kwa sababu mvuke wake utageuka matone ndani ya chombo.

Fukusi huingia hata kwenye chombo kilichofungwa. Wanatoka wapi?

Mara nyingi hawaingii, bali wamenunuliwa pamoja na nafaka. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani yake na kuliziba tundu, hivyo mchele unaoonekana safi unaweza kuwa tayari umebeba kizazi kinachofuata. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuua kilichomo na kuzuia kingine kisiingie.

Mwenye friza anaweza kugandisha nafaka au unga katika nyuzi 18 za selsiasi chini ya sifuri kwa angalau siku 4, akiwa ameufunga vizuri, kisha auache urudi kwenye joto la kawaida kabla ya kuufungua, ili unyevu wa hewa usitue juu yake. Asiye na friza ategemee kukosekana kwa hewa. Wadudu wanavuta oksijeni kama sisi, na ndani ya chombo kisichopitisha hewa kabisa huimaliza wakafa. Ili njia hiyo ifanye kazi, chombo kijazwe mpaka juu, kwa sababu nafasi tupu ni hewa uliyowaachia, na kisifunguliwe ovyo. Gawanya akiba kwenye vyombo vingi vidogo badala ya kimoja kikubwa: chupa za soda zilizooshwa na kukaushwa kabisa, madumu ya mafuta ya kupikia yaliyosafishwa vizuri, au mifuko maalumu ya plastiki ya tabaka mbili au tatu inayouzwa kwa ajili ya nafaka. Chombo kimoja kikiharibika, vingine vinabaki.

Usimimine nafaka mpya juu ya ya zamani. Osha chombo, kikauke, ndipo ukijaze upya. Kiweke juu ya mbao au matofali, mbali kidogo na ukuta, mahali pakavu penye kivuli.

Kuhusu vidonge vya kufukizia nafaka vyenye fosfidi ya alumini, jibu langu ni hapana, bila ya nafasi ya mjadala. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua watu wakiwa wamelala katika chumba kilicho jirani na nafaka. Havifai kamwe kutumiwa ndani ya nyumba wanamoishi watu.

Nafaka ikiota ukungu, naweza kuiosha na kuipika vizuri?

Hapana. Baadhi ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga hutengeneza sumukuvu, ambayo huharibu ini na, ikiliwa kwa muda mrefu, husababisha saratani ya ini. Joto la kawaida la kupikia haliiondoi, na kuosha kunaondoa rangi ya ukungu tu huku sumu ikibaki ndani ya punje. Mifugo nayo isipewe, kwani hudhurika vile vile, na sumu hupita mpaka kwenye maziwa ya ng'ombe. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au kuvunjika zichambuliwe kabla ya kuhifadhi, kwa maana ndizo zenye hatari zaidi. Najua uchungu wa kutupa chakula kilichonunuliwa kwa shida, na ndiyo sababu ukaushaji unastahili subira yote utakayoweza kuipata.

Chakula kipi hudumu muda gani?

Chumvi na sukari haziharibiki zikiwa kavu. Mchele mweupe uliofungwa vizuri hudumu kwa miaka kadhaa, wakati mchele usiokobolewa hubaki mzuri kwa takriban miezi 6, kwa kuwa mafuta yaliyomo kwenye ganda lake huharibika na kutoa harufu kali. Ndivyo ilivyo pia kwa unga: uliokobolewa hudumu kuliko dona. Ikiwa una mahali pa kusagia karibu, hifadhi punje na usage kidogo kidogo. Maharage makavu hulika hata baada ya miaka, ila kadiri yanavyozeeka mahali penye joto ndivyo yanavyokuwa magumu kuiva, na hiyo ni gharama ya kuni, mkaa au gesi. Mafuta yakae gizani, kwa kuwa mwanga na joto huyaharibu haraka.

Tarehe iliyo kwenye lebo ikipita, nitupe?

Inategemea maneno yaliyoandikwa. "Bora kabla ya" inazungumzia ubora, yaani ladha na mwonekano, na chakula kikavu au cha kopo kilichohifadhiwa vyema huweza kuliwa baada yake. "Tumia kabla ya" inahusu usalama na iheshimiwe.

Kwa makopo, hali ya kopo ina uzito mkubwa kuliko tarehe. Vyakula vichachu kama nyanya na matunda hubaki katika ubora wake kwa miezi 12 hadi 18, na visivyo na uchachu kama nyama, samaki na maharage kwa miaka 2 hadi 5. Kopo lililovimba, linalovuja, lililoshika kutu mpaka likatoboka, lililobonyea kwenye maungio, au linalorusha maji linapofunguliwa, litupwe bila kuonja. Sumu ya botulini haina harufu wala ladha ya kuaminika, na kiasi kidogo sana kinatosha kuua.

Maji niweke kiasi gani, na niyasafishe vipi?

Weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku, nusu kwa kunywa na nusu kwa kupikia na usafi wa lazima. Watu wanne kwa siku 3 ni lita 48, yaani madumu mawili ya lita 20 na chupa chache. Tumia vyombo vilivyokuwa na chakula au vinywaji. Vilivyokuwa na dawa za kilimo, rangi au mafuta ya magari visitumike hata vikioshwa mara kumi, na chupa za maziwa nazo ziachwe kwa sababu mabaki yake hayatoki vizuri. Maji uliyojaza mwenyewe yabadilishwe kila baada ya miezi 6.

Maji usiyoyaamini yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, au dakika 3 ikiwa uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nishati ikikosekana, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa kila lita, koroga, usubiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi na matone yawe mara mbili. Njia zote hizi huua vijidudu. Haziondoi kemikali.

Nitapikaje ikiwa nishati nayo ni haba?

Hesabu nishati kama sehemu ya akiba, kwa sababu maharage bila moto si chakula. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, funika sufuria, na upike mlo mkubwa mmoja badala ya midogo mitatu. Dengu na choroko huiva upesi kuliko maharage na zinafaa sana kwa dharura. Unaweza pia kuchemsha chakula, kisha kuiweka sufuria iliyofunikwa ndani ya kikapu au sanduku lililojazwa nguo na mablanketi, joto lake likamalizia kazi.

Maharage mekundu yana tahadhari yake. Yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huleta kutapika na kuharisha vikali, na huondoka tu yakichemka kwa nguvu kwa angalau dakika 10 baada ya kulowekwa. Moto hafifu hautoshi. Yachemshe kwanza, ndipo yaingie kikapuni.

Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha namna gani. Gesi ya kaboni monoksidi haionekani wala hainuki.

Nyumbani kuna mtoto mchanga na mgonjwa. Niongeze nini?

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake, kwa hiyo akiba yake ni chakula na maji ya ziada ya mama. Kama anatumia maziwa ya unga, yahesabiwe siku kwa siku pamoja na maji salama ya kuyachanganyia. Asali asipewe mtoto yeyote aliye chini ya mwaka 1. Mwenye kisukari apunguziwe sukari na unga uliokobolewa, aongezewe kunde, na mwenye shinikizo la damu aepushwe na vyakula vya makopo vyenye chumvi nyingi. Mzee asiye na meno anahitaji unga wa uji zaidi kuliko karanga.

Kuharisha huandamana na dharura nyingi. Weka pakiti chache za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Zikikosekana, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, katika lita 1 ya maji salama. Usizidishe chumvi.

Naishi chumba kimoja. Nitaweka wapi?

Uvunguni mwa kitanda panatosha kwa akiba ya wiki mbili ya mtu mmoja, mradi sakafu ni kavu na vyombo vimeinuliwa. Mahali pa kuepuka ni juu ya jiko, karibu na bati linalopata jua, na pembeni ya mafuta ya taa au dawa za wadudu, kwani unga hunyonya harufu zake.

Nizungushe vipi akiba isikae mpaka iharibike?

Andika tarehe ya kununua kwenye kila chombo. Kipya kiwekwe nyuma, cha zamani kitumike jikoni kwanza, na kilichotoka kirudishwe kwenye manunuzi yanayofuata. Mara moja kwa mwezi fungua chombo kimoja, unuse, na uangalie wadudu.

Ni wakati gani unafaa kuigusa akiba?

Pale ambapo bila hiyo familia ingeruka mlo, ingekopa au ingekula kisicho salama. Kukosa mshahara ni dharura sawa na mafuriko, na hakuna sababu ya kuona haya kufungua chombo ulichokijaza kwa ajili ya siku hiyo hiyo.

Umeme ukikatika, anza na vilivyomo kwenye jokofu, ambalo likiachwa limefungwa hushikilia ubaridi kwa saa 4. Friza iliyojaa hushikilia kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Baada ya hapo kula vibichi vinavyooza, na akiba kavu iwe ya mwisho. Pika kinachomalizika siku hiyo, kwani wali na maharage yaliyopikwa yakikaa nje zaidi ya saa 2 huanza kuwa hatari. Andika kila unachotoa. Hali ikitulia, jaza maji siku hiyo hiyo, kisha urudie gramu 250 zako za kila wiki, ukianza na nafaka.